Koo linauma na kikohozi hakipo: wazazi wenzangu, mnaangalia nini?

fundi_busia

Salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Si daktari wala mganga. Nafungua uzi huu kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu, na kwa sababu leo jioni binti yangu wa miaka 7 ameniambia, "Baba, mate hayapiti."

Mtoto wa kaka alikuwa na miaka 9 wakati huo. Asubuhi alikunywa chai na chapati akaenda shule mzima. Mchana akarudi mwili unawaka. Jioni hata maji anayameza huku amefumba macho. Na mnatujua sisi, joto la mwili likipanda jina lake ni malaria. Akatobolewa kidole, malaria hakuna. Shemeji akapita duka la dawa la njiani, akauziwa vidonge 6 vya rangi mbili, na hakuna aliyemwambia mtoto afungue mdomo. Siku ya pili homa ikashuka, ya tatu yuko uwanjani na mpira. Vidonge 2 vilivyobaki vikawekwa juu ya kabati vimsubiri mgonjwa mwingine.

Wiki ya tatu goti la kulia likavimba. Tukasema ameanguka kwenye mpira. Goti likapoa, uvimbe ukahamia kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Bibi yake akasema maumivu yanayotembea hivyo yametumwa na mtu. Tulipoteza siku nyingi kwenye hilo la kutumwa. Mtoto akaanza kuhema akitoka kisimani na kijerikeni cha lita 5, na hapo ndipo tukashtuka.

Leo ana kadi ya kliniki ya moyo Mulago, karibu kilomita 200 kutoka hapa, na kila wiki 4 anadungwa sindano ya penisilini. Valvu ya moyo inavuja. Daktari alimwuliza kaka, "Kabla ya goti, koo lilimuuma?" Kaka alikaa kimya. Alikuwa ameshasahau kabisa habari ya koo.

Tangu siku ile mimi nimekuwa mtu wa makoo. Nilivyoelewa ni hivi: koo la mafua huja na ndugu zake. Kamasi, chafya, kikohozi, sauti ya kukwaruza, macho kuwa mekundu. Linaanza kwa kukereketa na kupanda polepole. Koo la yule mtoto lilikuja peke yake, kwa ghafla, pamoja na homa. Hakukohoa hata mara moja.

Basi leo nimekaa namsikiliza binti yangu kama atakohoa. Kimya. Nimemmulika kwa tochi ya simu: mafindofindo yamevimba, mekundu, na yana madoa meupe. Kwangu madoa meupe ni bakteria, hakuna mjadala. Amoksilini nimeshanunua, nataka nimwanzishie usiku huu huu. Mwenye la kusema aseme mapema.

mama_pacha_tororo

Baba, ngoja kwanza. Pacha wangu wameshapata madoa meupe mara mbili na hawakunywa antibayotiki. Maji ya chumvi vuguvugu wasukutue na kutema, chai ya tangawizi yenye asali, parasetamoli ya kushusha homa. Siku 5 wamepona wote wawili. Ila wao walikuwa na kamasi mpaka kwenye shuka.

mzee_malaba

Vijana mnahangaika bure. Hilo ni kimio kimerefuka. Sisi tulikatwa kimio tukiwa wadogo na tukakua. Yupo mzee mmoja anakata vizuri, dakika mbili, mtoto anakula ugali siku hiyo hiyo.

nesi_bombo

Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo naomba tuliache kabisa. Kimio kile kinachoning'inia huvimba kwa sababu koo zima limevimba. Ni sawa na kukata mlango kwa kuwa nyumba inaungua. Nimepokea mtoto aliyekatwa kimio kwa kisu, amevuja damu njia nzima kwenye boda, mama yake kitenge chote kimelowa. Walioishi ndio wanaosimulia, mzee. Wale wengine hawako humu.

Sasa fundi. Pole sana kwa mtoto wa kaka. Mimi ni muuguzi, kwetu Bombo, ila nimefanya kazi Gulu miaka kadhaa, na huko habari ya koo na moyo tunaijua vizuri. Kwenye kikohozi umepatia. Kwenye madoa meupe umekosea.

Madoa meupe, au usaha juu ya mafindofindo, huletwa na virusi pia. Kuna kimoja kinaitwa Epstein-Barr, kinapenda vijana, kinaweza kulipaka koo ute mweupe kuliko hata bakteria. Mgonjwa anachoka wiki nyingi, matezi yanavimba mpaka nyuma ya shingo. Ukimpa huyo amoksilini, mara nyingi anatoka vipele mwili mzima, kisha anaandikiwa kwenye kitabu chake kwamba penisilini haipatani naye, na maskini haikuwa hivyo. Upande wa pili, bakteria tunayemwogopa, streptokokasi wa kundi A, anaweza kukaa kwenye koo jekundu tupu lisilo na doa hata moja.

Ndiyo maana hatushiki alama moja. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Robert Centor, na wenzake walipanga alama 4, kila moja ina pointi moja, ambazo tunazitumia mpaka leo: homa, kutokuwepo kwa kikohozi, matezi ya mbele ya shingo, chini ya kona ya taya, yaliyovimba na yanayouma ukiyabonyeza, na mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha. Mwaka 1998 Warren McIsaac wa Kanada akaongeza umri: mwenye miaka 3 mpaka 14 anapewa pointi moja juu, mwenye 45 na zaidi anapunguziwa moja. Chini ya miaka 3 ugonjwa huu ni nadra. Mwenye pointi sifuri au moja, mrudishe nyumbani na maji yake ya chumvi. Lakini sikiliza na hili: hata aliyezipata zote, mwenye streptokokasi kweli ni kama nusu tu. Wenye uwezo wanapangusa koo kwa pamba na kupima. Kwetu kipimo hicho hukikuti kila kituo, kwa hiyo vidole na macho ya musawo (mhudumu wa afya) ndiyo maabara.

Kwa jumla, katika watoto 10 wenye koo linalouma, streptokokasi anawahusu 2 au 3. Watu wazima ni kama mmoja. Waliobaki ni virusi, na virusi havijui amoksilini ni nini.

Kesho asubuhi msimamishe binti mlangoni penye jua, tochi ya simu inadanganya rangi. Kandamiza ulimi katikati kwa mpini wa kijiko, usifike nyuma utamtapisha, aseme "aaa". Tazama na paa la mdomo: vidoti vyekundu vidogo kama ametobolewa na sindano vinaelekea kwa streptokokasi. Pitisha vidole chini ya taya. Halafu mvue shati upapase kifua, kwapa na tumbo. Vipele vya ugonjwa huu hukwaruza kama msasa, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wake haujitokezi, kiganja ndicho kinachoona. Ulimi nao unaweza kuwa mwekundu wenye vinundu. Tena uulize tumbo. Watoto wengi wa ugonjwa huu wanakuja wanashika tumbo na kutapika, kichwa kinauma, koo hawalitaji kabisa mpaka uwaulize.

Na usimwanzishie dawa usiku huu. Najua unaogopa moyo. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma bado inazuia homa ya rumatizimu (rheumatic fever), ule ugonjwa wa viungo na moyo uliompata mtoto wa kaka yako. Una muda wa kulala na kumpeleka kituo cha afya kesho. Akionekana ana streptokokasi, atapewa penisilini au amoksilini ya siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini ya benzathini na kazi imekwisha. Vile vidonge 6 vya rangi mbili si dozi ya ugonjwa huu.

fundi_busia

Musawo, asante. Vidonge nimevificha, mama yake asinitangulie. Nieleze lile la goti. Koo na goti vinajuana wapi?

nesi_bombo

Vinajuana kwenye damu. Mwili unatengeneza askari wa kumpiga streptokokasi, na sehemu za bakteria huyo zinafanana na sehemu za moyo na viungo vyetu. Koo limepona, lakini askari bado wako njiani na silaha, wanamshambulia mwenye nyumba. Ndiyo maana inakuja wiki 2 au 3 baadaye, wakati kila mtu ameshasahau, kama kaka yako. Maungio makubwa yanavimba kwa kupokezana, moyo unaumwa, wengine mikono inacheza yenyewe mpaka mwalimu anawapiga kwa mwandiko mbaya. Viungo vinapona. Valvu za moyo ndizo zinabaki na kovu, na kila shambulio jipya linaongeza.

Wanaopata hayo ni wachache kati ya wanaougua koo, nisiwatie hofu. Lakini Uganda bado ugonjwa huo upo sana. Gulu kulifanywa utafiti wa watoto na vijana 818, wa miaka 5 mpaka 17, waliokutwa kwa picha ya moyo wana dalili za mwanzo bila wao kujua. Nusu walidungwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakudungwa. Majibu yakatoka 2021: waliodungwa, moyo ulizidi kuharibika kwa watoto 0.8 tu katika kila 100. Wasiodungwa, 8.2 katika 100. Kwa hiyo mwambieni mtoto wa kaka asikose hata mwezi mmoja. Najua sindano ile inauma, paja linakuwa zito siku nzima.

boda_arua

Naomba niulize langu, samahani kwa kuingilia. Siku ya 5 leo koo linauma upande wa kushoto tu, mpaka sikioni. Mdomo unafunguka kidogo, hata kijiko hakiingii vizuri. Abiria wanasema naongea kama nina kiazi cha moto mdomoni. Mate nayatema kwenye chupa. Nimemeza vidonge vya rafiki. Niongeze siku ngapi?

nesi_bombo

Boda, usiongeze siku. Egesha pikipiki uende hospitali usiku huu, na usijiendeshe mwenyewe. Upande mmoja, taya limekaza, sauti imebadilika, mate hayamezeki: hilo ni jipu nyuma ya findo. Vidonge peke yake havilitoshi, linafunguliwa au kunyonywa kwa sindano. Likiachwa linabana njia ya hewa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, wazazi sikieni. Mtoto anayetokwa na mate kama bomba, anakaa ameinama mbele na kidevu nje, anavuta pumzi kwa mlio, huyo msimwingizie kijiko wala kidole mdomoni. Mwacheni akae alivyojipanga mwenyewe mapajani mwa mama yake, mkimbie naye. Kilango kinachofunika njia ya hewa kinaweza kuwa kimevimba, na kumchokoza kunaweza kukifunga. Huo ugonjwa umepungua sana tangu chanjo ya Hib (bakteria anayeleta uvimbe huo) iingie kwenye chanjo za watoto Uganda, 2002. Chanjo hiyo hiyo, ya wiki 6, 10 na 14, inazuia pia dondakoo: ule utando wa kijivu unaong'ang'ania kooni, ukijaribu kuutoa unavuja damu, shingo inavimba kama ya fahali. Mkiona hivyo msisubiri asubuhi.

mvuvi_jinja

Na mwiba wa samaki je? Juzi mgeni wetu kala ngege, koo likamuuma, tukamshindilia tonge la posho (ugali) kavu. Likakaa.

nesi_bombo

Likakaa wapi, ndugu yangu? Tonge linausukuma mwiba uzame zaidi. Kama bado anaumia mahali pamoja kila akimeza, apelekwe akamulikwe. Na mkohoze kwanza kabla ya kumshindilia mtu chakula!

mgeni_wa_kampala

Nimefungua akaunti kwa hili tu. Koo, homa, vipele kifuani, matezi shingoni, uchovu. Wiki 3 zilizopita nilikuwa na mtu nisiyemjua hali yake. Malaria nimepima, hakuna. Nimesoma hapo juu, pointi za koo ninazo. Ni koo tu, si ndiyo?

nesi_bombo

Inaweza kuwa koo tu, mdogo wangu. Inaweza pia kuwa VVU vinaingia, maana wiki 2 mpaka 4 baada ya kuambukizwa wengi hupata hasa hayo uliyoyataja, na huenda yakaisha yenyewe mtu akadhani amepona mafua. Nenda kituo cha serikali, upimaji ni bure, na waambie wiki ulizohesabu, maana kipimo cha mapema kinaweza kusema huna wakati unavyo. Utarudia kwa tarehe watakayokupa. Mpaka hapo mlinde na mwenzako. Dawa za kinga ya dharura ni za ndani ya saa 72, hizo zimekupita, lakini wengine humu wazijue. Na umefanya vizuri kuuliza.

mwalimu_mbale

Mimi koo langu haliumi sana, ila kila asubuhi linachoma na sauti imekwama. Darasa lina watoto 90, napiga kelele kuanzia saa 2.

nesi_bombo

Linalochoma asubuhi na kutulia mchana, mara nyingi ni tindikali ya tumbo inayopanda ukilala, hasa ukila usiku sana. Ongeza kelele za darasa na moshi wa mkaa. Kula mapema, inua kichwa cha kitanda, pumzisha sauti. Sauti iliyokwama zaidi ya wiki 3, au uvimbe shingoni usioisha, sharti uonekane na daktari wa koo.

kijana_mubende

Sisi hapa koo likiuma tu jirani anahamia kwa ndugu zake 😂 Tangu 2022 hatujasahau.

nesi_bombo

Mna haki. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa kwenu 20 Septemba 2022 ikatangazwa kwisha 11 Januari 2023, na 2025 ikajitokeza tena Kampala. Nayo huanza na homa, uchovu, kichwa na koo, sawa na mafua ya kawaida. Siku za kawaida koo ni koo. Kukiwa na tangazo la mlipuko, au mtu amemhudumia mgonjwa au amezika maiti ya ugonjwa usiojulikana, basi anakaa mahali pake anapiga simu aje kuchukuliwa. Hapandi taksi.

mama_pacha_tororo

Musawo, usiondoke bado. Asali na parasetamoli, vipimo vyake?

nesi_bombo

Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, kwa mtoto anayeweza kusukutua na kutema. Asali si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 mpaka 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini watoto wasipewe.

boda_arua

Nimerudi. Wamenyonya usaha kwa sindano, sindano yenyewe unaweza kudungia ng'ombe. Nimelia mbele ya wanafunzi wa udaktari. Lakini mdomo unafunguka na nimekula rolex (chapati ya mayai) nzima. Nimelazwa kwa dripu mpaka kesho.

fundi_busia

Pole boda, hongera kwa rolex.

Taarifa yangu. Usiku ule sikulala, nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake. Kama saa 10 alfajiri akakohoa. Kikohozi kidogo kikavu. Sijapata kufurahi kusikia mtoto wangu akikohoa. Nikamwamsha mama yake nimwambie, akaniuliza kama nimelewa. Kufika asubuhi kamasi zimeshuka na sauti imekwaruza.

Nikampeleka kituo hata hivyo. Musawo wa pale akampapasa shingo, matezi hayaumi. Ngozi laini. Joto 37.9. Akasema ni virusi, madoa meupe au yasiwe meupe, tumrudishe akizidi au homa ikipita siku 3. Leo ni siku ya 4, ameshaanza kumpigia kelele mdogo wake.

Vile vidonge nimevirudisha dukani. Muuzaji amekataa kunipa hela yangu, anasema nitavihitaji siku nyingine. Nimemwachia palepale kwenye meza.

mzee_malaba

Fundi, ungeniletea mimi.

nesi_bombo

Mzee!